Robo Tatu: Kedi wa zamani anayefundisha fimbo fupi kwa bega lisilopanda

Saa moja na robo asubuhi, umande bado umeulalia uwanja wa mazoezi, na mwanamke mmoja mfupi mwenye kofia ya kitambaa anatembea kinyumenyume akimwaga chokaa. Mstari anaouchora kwa mkono wa kushoto una urefu wa hatua tano, na umenyooka utadhani umepigwa kwa rula.

Anaweka kopo chini. Anachukua fimbo fupi kuliko zote zilizomo mfukoni mwake, ile yenye uso uliolala ambayo wachezaji wa gofu huiita weji. Anasimama miguu ikiwa karibu karibu, kisha anapiga nyasi. Hakuna mpira. Anapiga nyasi tu.

Kipande cha udongo chenye ukubwa wa kiganja kinaruka. Anainama kulikagua kovu lililobaki. Limeanzia upande wa pili wa mstari, kama upana wa vidole viwili mbele.

"Leo mkono umeamka vizuri," anasema, anasogea hatua moja na kupiga tena.

Hufanya hivyo mara ishirini kila siku kabla mwanafunzi wa kwanza hajafika. Hapa klabuni hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wachezaji, wapishi, walinzi wa geti, wote humwita Robo Tatu.

Ukimtazama akipiga mpira utajua kwa nini. Wengine huinua fimbo hadi ikapita juu ya bega na kuning'inia mgongoni. Yake huishia usawa wa kifua, robo tatu tu ya safari, ikatulia kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu ikashuka. Mpira hupaa bila makelele na kuanguka mita sitini mbele. Asubuhi hii amepiga kumi na miwili, na kumi kati ya hiyo ungeweza kuifunika kwa turubai moja la lori.

"Watu wanadhani nimechagua mtindo," anasema akicheka. "Sikuchagua chochote. Bega ndilo lililochagua."

Ana miaka arobaini na tisa. Alianza ukedi, kazi ya kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, akiwa na ishirini na minne, mtoto wake wa kwanza akiwa ndiyo kwanza anatambaa. Mumewe, ambaye ni mkata nyasi wa klabu hiyohiyo, ndiye aliyemletea habari kwamba makedi wanatafutwa. Kati ya makedi arobaini, wanawake walikuwa wawili. Mwenzake alidumu wiki tatu.

Mfuko mmoja ulikuwa na uzito wa kilo kumi na nne. Mzunguko mmoja ulikuwa karibu kilomita tisa, kupanda na kushuka. Alipozoea, akaanza kubeba mifuko miwili kwa pamoja.

Sheria ya kwanza aliyofundishwa ni kwamba kedi hasemi mpaka aulizwe. "Nilikaa kimya miaka ishirini," anasema. "Mwanamke kukaa kimya miaka ishirini, ndugu mwandishi, hilo peke yake lingetosha kunipatia cheti."

Lakini macho hayakufungwa na sheria yoyote. Aliona jambo lilelile kila siku. Mtu anapiga mpira wa kwanza kama radi, watu wanampigia makofi, anatembea kifua mbele. Akifika mita sabini kutoka kwenye shimo, mahali ambapo fimbo namba tisa au weji ingemaliza kazi, anaharibu. Mpira mmoja unafia miguuni, mwingine unavuka grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, na kupotelea vichakani.

"Kwa fimbo ndefu watu wanajua kwamba hawajui, kwa hiyo wanakuwa na adabu," anaeleza. "Kwa fimbo fupi wanajiona wamefika. Wanahamaki. Wanataka kuupiga kwa nguvu zote mpira ambao unaomba kupelekwa taratibu."

Miaka mitano iliyopita, asubuhi moja baada ya mvua, aliteleza kwenye mteremko wa shimo la saba. Mifuko yote miwili ilikuwa bega la kulia. Yeye alianguka kwanza, mifuko ikamfuata, na bega likabaki chini ya kila kitu.

Mfupa ulivunjika mahali pawili. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, akakaa nyumbani miezi mitano mkono ukiwa umefungwa kifuani. Ulipofunguliwa, ulikataa kupanda zaidi ya usawa wa matiti.

"Nilikuwa siwezi kuanika nguo," anakumbuka. "Mama mkwe wangu, mtu wa miaka sabini na moja, ndiye aliyekuwa ananifunga kilemba. Ananifunga huku ananiambia nisitikise kichwa, kama mtoto wa chekechea."

Klabu ilimpa kazi ya kuokota mipira kwenye uwanja wa mazoezi. Malipo yalishuka hadi kama theluthi ya aliyokuwa akipata. Alishukuru, lakini kwa maneno yake mwenyewe, "mdomo ulishukuru, moyo ulikuwa umekunja uso."

Kisha ikaja siku ambayo mvua ya mchana iliwakimbiza wachezaji wote ndani. Mvua ikakatika ghafla, wao wakabaki kwenye kahawa yao. Uwanjani alikuwa peke yake na ndoo ya mipira, na kwenye ukuta wa stoo ya mipira kulikuwa na weji ya zamani yenye kutu ambayo mwenye nayo aliitelekeza.

Aliichukua. Alijaribu kuinua mkono kama alivyozoea kuwaona wengine, bega likamkatalia palepale. "Nikaliambia, haya basi, ishia hapohapo, tuone utafanya nini."

Mpira wa kwanza ulianguka alipopatazama. Wa pili ukaanguka karibu yake. Wa tatu aliupiga akidhani amebahatisha, nao ukaenda kukaa na wenzake. Alipiga hadi ndoo ikaisha, kisha akakaa chini kwenye nyasi mbichi na kucheka peke yake, mpaka mlinzi wa geti akaja kumuuliza kama yuko salama.

Kesho yake mumewe alipita na mashine yake ya kukata nyasi, akasimama ghafla mbele ya yale makovu.

"Nani amefukua hapa, nguruwe?"

"Mkeo," akamjibu.

Mume aliondoka na mashine yake. Alirudi na toroli la mchanga, akayaziba makovu moja baada ya jingine. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, mke alifukua na mume akafukia. Hawakuwahi kulizungumza.

Wa kwanza kufaidika na mkono ule alikuwa mfamasia mmoja, mama wa makamo, ambaye siku moja alikuja klabuni kuaga gofu. Kila alipopiga kwa fimbo fupi, mpira uligonga shingo ya fimbo na kukimbilia pembeni, mara mbili nusura umpate mtu. Alimkuta Robo Tatu ameinama anaokota mipira, akamtupia mfuko wake miguuni.

"Dada, chukua. Uza, gawa, choma moto, shauri yako. Mimi nimeshindwa."

Robo Tatu aliutazama mfuko, kisha akamtazama mwenyewe. "Naruhusiwa kusema kitu?"

"Sema."

"Mpira huu unauegemea kama unataka kuunong'oneza siri. Simama, uache nafasi. Halafu unauchota. Unataka kuusaidia kupanda. Fimbo yenyewe imetengenezwa iupandishe, kazi yako wewe ni kuushukia. Uweke katikati ya miguu. Uzito weka mguu wa kushoto, na ukae hukohuko, usihamehame kama mpangaji."

Mfamasia akafanya alivyoambiwa.

"Mikono iutangulie mpira kidogo. Na hiyo fimbo umeikaba mno. Ishike kama unavyomshika mkono mama mkwe mkivuka barabara. Ukimbana atalalamika, ukimwachia utalaumiwa. Sasa ipandishe mpaka saa tatu."

Hapo mfamasia akasita, mkono umeganda hewani. "Saa tatu ipi? Ya kusema au ile namba tatu kwenye saa?"

"Saa tatu ya chai ya asubuhi, mama. Mshale mfupi unaelekea wapi saa hiyo?"

Mfamasia akatazama saa yake ya mkononi. Ilibidi afikiri. Kisha akacheka, akapandisha mkono wa kushoto mpaka ukalala sawa na ardhi, ulipo mshale mfupi watu wanapokunywa chai, akashuka.

Mipira mitatu ya mwanzo haikuwa na la kusimuliwa. Wa nne ulitoa mlio mwingine kabisa, mlio mkavu, mfupi, wa chuma kukutana na mpira kabla ya udongo. Ulipaa, ukasimama juu kidogo, ukaanguka na kutulia.

"Sikuaga mtu siku hiyo," mfamasia anasimulia. "Wala sikumshukuru. Nilichukua mfuko wangu nikaondoka mbio, nikiogopa nikikaa nitaharibu."

Wiki iliyofuata alirudi na shemeji yake. Baada ya mwezi, watu saba walikuwa wanamsubiri mwokota mipira amalize kuokota.

Habari zikamfikia kocha wa klabu. Huyu ni mtu aliyesomea kazi yake miaka mitatu na kuifanya kumi na sita, na alipoona wanafunzi wake wanampungia mkono kwa mbali wakielekea kona ya pili, aliandika malalamiko kwa kamati. Hafichi.

"Kwenye kanuni nilikuwa na haki," anasema kocha huyo. "Na rohoni nilikuwa na wivu. Vyote viwili vilikuwepo, nisidanganye."

Kamati ilikaa, ikaamua kwa maneno machache: asiye na cheti asifundishe. Robo Tatu akarudi kwenye ndoo yake. Wiki saba alipita katikati ya watu wanaochota mipira, akiwaona na kuumeza ulimi.

Katibu wa klabu ndiye aliyemwita ofisini siku moja na kumfunulia kitabu cha kanuni. Mtihani wa ukocha, alimwonyesha, uko wazi kwa yeyote. Una sehemu ya kuandika, sehemu ya kufundisha, na sehemu ya kucheza mashimo kumi na manane kwa mapigo yasiyozidi themanini na matano. Kikwazo kilikuwa mstari wa mwisho wa fomu. Ulitaka saini ya kocha mwenye cheti, na klabuni kocha alikuwa mmoja.

Alikwenda na fomu yake ameikunja mara nne. Kocha aliisoma yote akiwa amesimama.

"Mpira wa kwanza unaupiga mita ngapi?" akamuuliza.

"Mia na thelathini."

"Wenzako watakuwa mita themanini, mia, mbele yako. Kila shimo."

"Watanisubiri kwenye grini, mwalimu."

Kocha alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Akatia saini akiwa ameegemea mlango.

Sehemu ya kuandika alipita. Ya kufundisha alipita kwa alama za juu, ingawa mtahini mmoja alihitaji kueleweshwa habari ya saa tatu mara mbili. Ikabaki ya kucheza, katika klabu nyingine, mbali na kwao.

Alicheza kama alivyotarajia. Wenzake walitangulia kwa mpira wa kwanza, wakamsubiri, wakamwona anauweka mpira karibu na shimo kwa weji yake, wakaanza kusogea kutazama. Kufikia shimo la kumi na sita hesabu yake ilikuwa imekaa vizuri.

Pale mpira wake ulikuwa umejificha kwenye majani marefu nyuma ya grini. Alisimama, akashusha fimbo taratibu nyuma ya mpira. Majani yakalala. Mpira ukajiviringisha nusu mzunguko, ukatulia.

Hakuna aliyeona. Mwenye kuandika mapigo alikuwa hatua arobaini kutoka hapo, amempa mgongo, anafuta miwani.

Robo Tatu aliinua mkono ule unaopanda. "Umesogea," aliita. "Mimi ndiye niliyeusogeza. Niongezeeni pigo moja."

Alimaliza kwa mapigo themanini na sita.

Nyumbani walikuwa wanamngoja, mume na mama mkwe, chakula kimefunikwa. Alipoeleza, mama mkwe aliweka mikono kiunoni.

"Si ungenyamaza tu? Miaka ishirini ulinyamaza!"

"Mama, mpira ulisogea."

Bibi akashusha mikono. "Basi ulisogea," akasema, na kumfunulia sahani.

Anakiri kwamba usingizi ulikuwa wa tabu kwa siku kadhaa. Mtihani mwingine ulikuwa baada ya miezi sita, na bega halikuwa likirudi ujanani. Kuna asubuhi aliamka akiwaza kuirudisha ile fomu na kuokota mipira kwa amani mpaka azeeke.

Aliyemtoa kwenye mawazo hayo ni kocha. Mmoja wa watahini, rafiki yake wa chuoni, alikuwa amempigia simu na kumsimulia habari ya shimo la kumi na sita. Kesho yake kocha alikuja uwanjani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamwomba apige mipira kumi. Alitazama yote. Kisha akasema weji yake haina mwalimu wa kuifundisha, ila kwenye grini, pale mpira unaposukumwa kuingia shimoni, anapoteza mapigo manne au matano kwa kutojua kusoma mteremko.

"Nilimwambia hilo nitampa mimi," kocha anasema. "Na yeye anipe hiyo saa tatu yake, maana wanafunzi wangu walikuwa wananiuliza habari zake nami sina jibu."

Kwa miezi sita walikutana mara mbili kwa wiki. Yeye alijifunza kuchuchumaa nyuma ya mpira na kusoma majani yamelalia wapi. Kocha, mtu wa kimo na nguvu, alijifunza kuuacha mkono uishie kifuani, jambo ambalo anasema lilimtoa jasho kuliko mazoezi yoyote ya ujana wake.

Mara ya pili alimaliza kwa mapigo themanini na matatu. Hakuruka wala hakupiga kelele. Aliwapa mkono wenzake, akavua kofia, akakaa kwenye benchi na kuvua viatu. Cheti kilipofika, mama mkwe alikitundika sebuleni mwenyewe, mkabala na kiti cha wageni, ili mgeni asipate pengine pa kutazama.

Sasa ni mwaka wa pili anafundisha. Ana wanafunzi kumi na tisa, na kipato chake kimepita kile cha enzi za mifuko miwili. Hawaahidi kupiga mbali. Anawaambia fimbo fupi ni ya kufika mahali, na mtu anayetaka sifa ya umbali aende kwa kocha upande wa pili, maana wao wawili hupelekeana wanafunzi kweli, siku hizi kwa hiari.

Si kila kitu kimenyooka. Asubuhi za baridi bega humkumbusha kila msumari uliomo ndani. Na wapo wanachama ambao hawajamzoea. Mmoja alisema mbele yake kwamba hawezi kufundishwa na mbeba mfuko.

"Nilimjibu kwa heshima zote," anasema. "Nikamwambia, mzee, mfuko wako nimeubeba miaka sita, najua kila kosa lililomo." Mzee huyo sasa huja kila Alhamisi, ingawa huomba wafanyie mazoezi nyuma ya miti.

Anachokitaka kwa sasa kipo kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa jikoni. Jumatatu klabu hufungwa, na kamati imemruhusu kuutumia uwanja wa mazoezi kwa saa mbili kuwafundisha wafanyakazi: wapishi, wafua nguo, walinzi, wahudumu. Watu wanaoutunza uwanja huu, na kuwalisha wanaoucheza, bila kuugusa mpira hata mara moja. Akipata miaka kumi zaidi na bega hili, anasema, angependa kuona siku moja mashindano ya wafanyakazi peke yao, mashimo tisa, weji tu.

Mazoezi ya kwanza ni Jumatatu ijayo. Nafasi ni kumi na mbili, na kufikia jana kumi na moja zilikuwa zimejazwa kwa kalamu ya wino, mpishi mkuu akiwa wa kwanza. Ya kumi na mbili imejazwa kwa penseli, kwa mwandiko mdogo, chini kabisa. Ni jina la mumewe.

Mume hakumwambia. Robo Tatu aliliona mwenyewe alipokwenda kuchukua maji ya moto. Mwaka wa ishirini na saba huu mume anazikata nyasi hizi, na nyumbani usiku ule alikula, akasikiliza taarifa ya habari, akalala, hakugusia.

Je, atamhurumia?

"Pale atakuwa mwanafunzi kama wengine," anasema, akikung'uta chokaa mikononi. "Akikosea nitamwambia amekosea. Ila akiupiga vizuri..." Anatazama upande ambako mashine inasikika ikinguruma, ng'ambo ya miti. "Akiupiga vizuri sijui nitafanyaje. Tangu anioe sijawahi kumwona akicheza kitu chochote."